Mita Mia Mbili za Mwisho za Twalib

Mume wangu Twalib ni mwendesha baiskeli. Si mwendesha baiskeli wa kwenda sokoni na kurudi, maana huyo angalau angekuwa na faida. Wangu ni wa mashindano, tena ya masafa marefu, yale ambayo mtu anaondoka alfajiri, anazunguka nusu ya jimbo la Gauteng, halafu anarudi palepale alipoanzia na kupewa ndizi. Nina miaka kumi na minne naye hapa Johannesburg, na nikiulizwa mumeo anafanya kazi gani, nasema ni fundi baiskeli. Hiyo nayo ni kweli, na haihitaji maelezo.

Kwao ni Tanga, Ngamiani, na kwetu ni hukohuko, mitaa miwili mbele. Tanga baiskeli si ajabu. Mwalimu anayo, shehe anayo, na mke wa shehe anakaa nyuma na kikapu chake mapajani. Twalib alianza na mikate, akiitoa bekari moja pale Ngamiani na kuipeleka kwenye maduka ya Pongwe na Muheza, kreti tatu nyuma ya kiti. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito kama mlango wa gereji. Basi Saba Saba moja wakaandaa mashindano ya Tanga hadi Korogwe, naye akajiandikisha na baiskeli ileile ya mikate, akashinda. Zawadi ilikuwa beseni la plastiki, miche miwili ya sabuni, na kupiga picha na mgeni rasmi, ambaye aliondoka kabla mpiga picha hajapata betri.

Lile beseni ndilo lililomharibu. Angepewa mkono tu akaambiwa ahsante nenda nyumbani, leo ningekuwa na mume wa kawaida anayelala Jumapili.

Alipokuja huku alipata kibaraza cha ufundi Doornfontein, kwenye korido ya jengo moja lenye vyerehani juu na vyerehani chini. Jirani yake ni Lambert, fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, mtu mwema ambaye sitamsamehe. Lambert alikuwa na gazeti kuukuu la Kifaransa lenye picha za waendesha baiskeli wa zamani wa Ufaransa, wanaume wenye masharubu na magoti yenye vumbi, waliokuwa wakitoka mji huu kwenda mji ule mchana kutwa na usiku kucha, kwenye barabara za mawe. Hawakuwa na gari la kuwafuata wala fundi, na baiskeli ikivunjika mtu anakaa pembeni anaitengeneza mwenyewe. Twalib hajui Kifaransa hata cha kuombea maji, kwa hiyo Lambert alikuwa akimtafsiria huku anashona, na anapofika mahali hapajakolea anaongeza chumvi yake. Sasa wewe mwambie mtu wa Tanga kwamba kuna watu, miaka zaidi ya mia iliyopita, waliokwenda kilomita mia sita bila kulala. Mwingine angesema pole zao akaendelea na chai. Wangu akafuga masharubu.

Ndipo kazi yake ya mashindano ilipoanza, kama inaweza kuitwa kazi. Kila siku akishaswali alfajiri anatoka kwetu Mayfair, anashika barabara ya Louis Botha, anapita Alexandra, anapanda Sandton watu wa huko wakiwa bado wanajinyoosha vitandani, anarudi kibarazani kwake kufungua saa mbili. Robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ikiwa nyekundu anasimama. Nadhani ni yeye peke yake mjini humu. Mara mbili aliporwa baiskeli akarudi kwa miguu, na mara zote mbili, kabla sijamaliza kumpa pole, alishaunganisha nyingine kutoka kwenye mifupa ya baiskeli tatu zilizokufa.

Shindano la kwanza alivaa kaptula ya kubana aliyoshonewa na Lambert. Lambert aliishona kwa kipimo cha mwili wenyewe, hakuacha hata pa kupumulia, akasema ndivyo wanavyovaa wenyewe. Twalib alijitazama kwenye kioo, akachukua saruni akaifunga juu yake. Mimi nilimwambia kitakachotokea. Kilomita ya nane saruni ikaingia kwenye cheni, na mwenye saruni akaingia kwenye majani, akarudi amekwaruzika kuanzia bega hadi kifundo cha mguu. Baada ya hapo saruni ikabaki nyumbani, akawa anaingia barabarani kama wenzake. Mwaka haukuisha macho ya kila mtu yakawa yameshazoea, yangu kwanza.

Matokeo yake ninayo kichwani, ingawa sikuombwa kuyahifadhi. Alikuwa wa arobaini na saba, akawa wa thelathini na moja. Mwaka uliofuata akawa wa mia na kumi na mbili, kwa sababu alisimama njiani kumtengenezea cheni mtu asiyemjua, kisha mtu mwingine, kisha mama mmoja wa Kizungu ambaye gia zake zilikuwa na shida ya muda mrefu, na Twalib si mtu wa kuacha kazi nusu. Picha yake iliwahi kutoka gazetini. Yaani kiwiko chake, nyuma ya mshindi. Nakijua kile kiwiko, mnaweza kubisha mtakavyo. Medali anazo nyingi, wanampa kila anayefika, na mimi zile kanda zake nimezifungia mapazia, yamependeza kweli.

Nilimsema sana. Nakiri, mdomo ninao. Mimi nauza sambusa na vitumbua karibu na msikiti hapa Mayfair, nasimama tangu asubuhi, na wateja wangu Wasomali na Wazanzibari wananiuliza, Mama Yasmin, mzee kashinda jana? Najibu kashinda njaa. Wanacheka, nami nacheka, na jioni narudi nyumbani namwambia yeye lilelile bila kicheko. Hakuwahi kunijibu vibaya. Alikuwa akipaka mafuta cheni na kuniambia, Mama Yasmin, bado kidogo. Miaka kumi na minne ya bado kidogo.

Halafu mwaka jana akawa wa tisa. Hilo sikulitegemea, na nadhani hata yeye. Yalikuwa mashindano marefu kuliko yote anayokwenda, kutoka kusini ya mji hadi Mto Vaal, kuuvuka, kuzunguka upande wa pili na kurudi, kilomita mia mbili na thelathini. Pale mwishoni mtu anayeitwa Chris, mwenye timu huko mitaa ya kaskazini, akamfuata, akamuuliza miaka, akamuuliza nani anayemfundisha. Twalib alipomjibu kwamba hana mtu, Chris akaitazama ile baiskeli ya mifupa mitatu, akainama akaitazama tena. Akamwambia maneno ambayo Twalib alinirudia usiku ule mara nne. Timu itakuwa na nafasi moja mwakani. Akimaliza mashindano hayahaya katika watatu wa kwanza, nafasi ni yake, na mshahara wa kila mwezi, na baiskeli nzima iliyozaliwa moja, na gari la kuwafuata lenye maji. Asipomaliza hivyo basi, kwa sababu atakuwa ametimiza arobaini, na hakuna timu inayochukua mtu mpya wa arobaini.

Unajua kilichomkaa moyoni ni nini? Si mshahara, ingawa mimi ulinikaa barabara. Ni kwamba fulana za timu zina jina la mtu mgongoni. Alinionyesha kwa kidole mgongoni mwangu lingekaa wapi. Mwaka mzima ule, mimi mwenye mdomo, sikumsema tena. Nikawa namwamsha mwenyewe, namchemshia uji wa ulezi, nikimwona anapotelea kwenye kona na taa yake nyuma naomba dua hadi nasahau vitumbua kwenye mafuta. Nilitaka apate ile fulana. Sijawahi kukitaka kitu namna ile tangu nizaliwe.

Wiki tatu kabla ya mashindano mama yangu akaja kututembelea kutoka Tanga.

Bi Mayasa, mama yangu, ana umri wa miaka sitini na sita, na maoni yake ni mengi kuliko hiyo miaka. Siku ya kwanza aliona baridi hii ni ya makusudi, na kwamba mjukuu wake Yasmin anaelewa Kiswahili vizuri ila anamjibu Kiingereza kwa jeuri. Siku ya pili akamfikia Twalib. Mwanaume mzima, alisema, masharubu yote yale, anacheza baiskeli. Tangu hapo ikawa kila Twalib akiingia mlangoni, hata kama katoka kununua mkate, mama ananiuliza kwa sauti ya kusikika, leo kashinda?

Na Twalib kwa mkwewe ni mtu wa Tanga hasa. Mama akikaa sebuleni, yeye anapitia jikoni. Akimwamkia anaamkia zulia. Hawali sinia moja. Akicheka akasikia mama anakohoa chumba cha pili, kicheko kinakatika katikati. Kuhusu ile kaptula sihitaji kusema. Wiki zote tatu alikuwa akitoka nyumbani na suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu, utadhani anakwenda kuandikisha ndoa, halafu anabadilisha kwa Lambert. Mimi niliona, nikacheka, nikasahau. Hebu nirudie hapo, maana ndipo penye kesi: nilisahau.

Usiku wa kuamkia mashindano aliniambia nikae nyumbani na mama, yeye ataleta habari. Nikadhani anaogopa kushindwa mbele ya watu. Nikajiambia huyu hajui nilivyompangia. Kwa sababu nilishampanga Lambert, atuchukue na pikapu yake mimi, mama na Yasmin, atupeleke pale pale penye mstari wa mwisho. Nilitaka mama aone kwa macho yake. Nilitaka ile leo kashinda yake imrudie mdomoni, aitafune, aimeze, na mimi nimsimamie anapoimeza. Haya, hiyo ndiyo nia yangu, sikwenda pale kwa ajili ya michezo.

Tulifika mapema tukapata nafasi kwenye uzio, mbele kabisa, maana mama ana viwiko. Watu wote pale wamevaa kofia na miwani ya jua na nguo za kubana za kila rangi, wake kwa waume, na mama anawatazama mmoja mmoja na kusoma astaghfirullah bila kupumzika. Unadhani hapo akili ilinizindukia? Wapi. Mimi jicho langu limekaa huku miaka kumi na minne, halikuona nguo, liliona waendesha baiskeli. Mama ni mfupi, akasema haoni barabara. Lambert akatoa kreti tupu ya soda nyuma ya pikapu, nikaigeuza, nikampandisha juu yake kwa mikono yangu miwili, buibui na mkoba na yote. Akawa anaonekana kuliko mtu yeyote upande ule. Buibui lilikuwa moja tu uzio mzima.

Yasmin alikuwa akifuatilia kwenye simu, akasema wanaoongoza ni watatu, na dadi ni mmoja wao. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia, akasema nyuma yao hakuna mtu kwa dakika mbili nzima. Watatu, na kinachotakiwa ni watatu. Hata angefika wa mwisho kati yao, hata angekuja anasinzia, nafasi ilikuwa yake. Lambert akanishika bega akaniambia, "Shemeji, leo tunakula timu." Upande wa pili wa barabara, penye mstari, nikamwona Chris amesimama na fulana mkononi, imekunjwa. Sijui ilikuwa imeandikwa nini. Labda haikuandikwa kitu.

Wakatokeza kwenye kona. Mita mia mbili, barabara imenyooka, watu wanapiga mabati ya uzio. Twalib alikuwa wa pili, kichwa chini, masharubu yote chumvi ya jasho, na miguu ile, subhanallah, miguu ile inavyokwenda sijapata kuiona ikienda hivyo. Nikaanza kupiga kelele jina lake. Mama naye, Mungu anisamehe, mama yangu ambaye alimbeza wiki tatu, akanyanyua mikono yote miwili juu ya kreti na kupiga kigelegele, kigelegele cha Ngamiani chenyewe, kikapita juu ya kelele zote.

Twalib akainua kichwa. Akamwona.

Nilikuwa namtazama usoni, kwa hiyo niliona kila kitu. Macho yalikwenda kwa mama, yakashuka kwenye mapaja yake mwenyewe, yakarudi kwa mama. Hapo, hapo ndipo nilipokumbuka. Mkono ukafunga breki. Tairi la nyuma likalia. Akakata kushoto kwenye upenyo wa gari la wagonjwa, akapita kati ya askari wawili waliobaki midomo wazi, akatokomea nyuma ya safu ya vyoo vya plastiki.

Wawili wale wakavuka mstari. Mtangazaji akauliza kwenye spika huyu wa tatu kaenda wapi. Chris alikuwa anaangalia vile vyoo, mikono kichwani. Mama akashuka kwenye kreti akaniuliza, mbona kaingia chooni, hakuweza kujizuia? Dakika mbili zikapita, zile mbili alizokuwa nazo mkononi, nikawa nazihesabu. Kisha kundi likaingia, na kijana mmoja wa miaka ishirini na mbili akanyoosha gurudumu lake mbele ya wenzake akawa wa tatu.

Robo saa baadaye Twalib akatoka. Alikuwa amevaa ovaroli la rangi ya machungwa, pana, la yule mzee anayesafisha vyoo, miguu imekunjwa mara mbili, zipu hadi kooni. Anasukuma baiskeli. Akavuka mstari kwa kutembea, akaja mpaka kwetu, akamwamkia mama huku anaangalia lami. "Shikamoo mama. Tairi limepasuka."

Mama akaitikia marahaba, akampa pole. Chris akaja mbio, akamuuliza kulikoni, na Twalib akamjibu neno moja tu, pancha. Chris akampiga bega akaondoka na fulana yake. Mtu kama yule ungemweleza nini? Ungeanzia wapi? Lambert, ambaye ndiye aliyetupakia, alikuwa ameangalia chini muda wote.

Alasiri ile mama alipokuwa anaswali, nilikwenda kwenye kibaraza chetu ilipoegeshwa baiskeli. Nikaminya tairi la mbele. Nikaminya la nyuma. Yote mawili magumu, yamejaa upepo, hayana hata mkwaruzo. Twalib alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, amevaa shati la mikono mirefu.

Nikamwambia, "Baba Yasmin, hili tairi halijapasuka."

Akasema anajua.

Nikamwambia angepita tu. Zilikuwa sekunde kumi na tano, mama hata asingeelewa anatazama nini. Nililia, sikuona haya. Nilimwambia mimi ndiye niliyemleta, mimi ndiye niliyempandisha kule juu, anitukane basi, anitukane mara moja tu nipumue. Akaweka kikombe ukingoni.

"Usimwambie mama," alisema. "Alikuwa ananishangilia. Akijua, hatashangilia mtu tena."

Mama alikwishaondoka kurudi Tanga, na huko amemsimulia kila mtu. Ngamiani nzima inajua kwamba yupo fundi baiskeli Johannesburg, anatengeneza tairi za watu, la kwake likampasukia mbele ya mkwewe. Kila Ijumaa ananipigia simu, na kabla hajaniuliza hali yangu wala ya Yasmin, anauliza fundi wetu hajambo, tairi limepona? Twalib anasikia kutoka jikoni, maana simu yangu sauti yake ni kubwa. Nami nacheka na mama, nacheka kwa nguvu, kwa sababu siku nitakayoacha kucheka ataniuliza kuna nini, na itabidi nimwambie kwamba tairi halikupasuka, ni mimi niliyempandisha pale Twalib akamwona.